Meyer: Jina la Nyapara Lisilo na Ukoo Mmoja

Msomaji wa Kiswahili aliyepitia shule za Tanzania au Kenya huenda amekutana na jina Meyer mahali pamoja tu, katika sentensi inayoeleza kwamba Hans Meyer, Mjerumani kutoka Leipzig, alifika kileleni Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria. Jina hilo limebaki kwenye ramani ya mlima, kwa kuwa kilele kirefu zaidi cha Mawenzi, chenye mita 5,149, kinaitwa Hans Meyer hadi leo, ilhali kile cha Kibo, ambacho mwenyewe alikipachika jina la Kaiser Wilhelm, kiligeuzwa kuwa Uhuru Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961. Sina nia ya kupanda mlima katika makala hii. Nataka kulitazama jina lenyewe, kwa sababu ni mojawapo ya majina ya Kijerumani yanayoelezwa kwa haraka mno, na haraka hiyo imewafanya watu wengi waamini mambo ambayo jina haliwezi kuyathibitisha.

Maelezo ya haraka ni haya: Meyer maana yake ni msimamizi wa mashamba ya bwana. Si uongo. Mzizi wake ni neno la Kilatini maior, yaani aliye mkubwa zaidi, ambalo katika dola la Wafranki lilitumika kwa mkuu wa watumishi wa nyumba au wa shamba la bwana. Kilatini hicho hicho, kwa kupitia Kifaransa na kisha Kiingereza, ndicho kilichotuletea meya wa jiji, kwa hiyo meya huyo na kipa wa Kijerumani Sepp Maier wana babu mmoja wa lugha, ingawa hawana babu mmoja wa damu. Tatizo liko pale maelezo yanapoishia, kana kwamba tukishajua neno lilimaanisha nini tumeshamjua pia mtu anayelibeba.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika karne za kati, bwana mwenye ardhi, awe mtemi, askofu au monasteri, mara nyingi hakuwa na shamba moja kubwa bali alikuwa na mashamba yaliyotawanyika katika vijiji vingi, mengine umbali wa siku kadhaa kutoka anakoishi. Katika kila eneo palikuwa na shamba kuu, na ndani yake aliishi Meier, ambayo ni tahajia nyingine ya Meyer. Yeye ndiye aliyepokea nafaka, mayai na kuku ambao wakulima waliofungwa na ardhi hiyo walipaswa kuwatoa kila mwaka, akahesabu siku zao za kazi ya lazima, akaamua nani alime kipande kipi cha bwana kabla hajarudi kulima cha kwake. Sisi tungemwita nyapara, na nadhani neno hilo linamfaa zaidi kuliko msimamizi, kwa kuwa linabeba pia ile chuki kidogo ambayo wanaosimamiwa huwa nayo kwa mwenzao aliyepewa daftari. Hakuwa mtukufu. Mara nyingi alitoka katika tabaka lile lile la wasio huru aliokuwa akiwasimamia, na tofauti yake nao ilikuwa ni kuaminiwa na bwana.

Lakini mfumo huo ulianza kuvunjika kuanzia karne ya 12. Manyapara walikuwa wamejifanya warithi wa nafasi zao, mapato yakawa yanapungua njiani kabla hayajamfikia bwana, na mabwana wengi wakaona ni nafuu kuyakodisha mashamba kwa mkataba kuliko kuendelea kumtegemea mtu wa kati. Hapo ndipo neno lilipobadilika. Huko Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani, Meier akawa mpangaji wa shamba kubwa kwa mkataba maalumu, na mfumo huo ukaendelea hadi mageuzi ya ardhi ya karne ya 19. Vijijini palikuwa na Vollmeier, mwenye shamba kamili, na Halbmeier, mwenye nusu. Hawa hawakuwasimamia watu kwa niaba ya mtu yeyote. Walikuwa wakulima wakubwa, basi. Kwa hiyo Meyer mmoja huenda alipata jina kwa sababu babu yake alikusanya kodi ya askofu, na Meyer mwingine kwa sababu babu yake, karne mbili baadaye, alikuwa na ng'ombe wengi kuliko jirani zake. Kamusi ya majina inawaweka wote wawili kwenye mstari mmoja.

Na kwa nini wawe wengi hivyo? Jina Meyer kwa tahajia hii moja tu limo miongoni mwa majina kumi yanayoongoza Ujerumani, pamoja na Müller, Schmidt, Schneider, Fischer, Weber, Wagner, Becker, Schulz na Hoffmann, na tahajia zake nyingine zikijumlishwa linakaribia kileleni kabisa. Wapo wanaodhani kwamba wingi huo unaonyesha kulikuwa na manyapara wengi kupita kiasi, au kwamba ukoo wa Meyer ulizaa sana. Naona ni kinyume chake. Jina la ziada huzaliwa palipo na haja ya kumtofautisha mtu. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu ni mkulima, kumwita Hans "mkulima" hakusaidii chochote, lakini kumwita Hans nyapara kunatosha kabisa, kwa kuwa nyapara ni mmoja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Müller, msaga nafaka, na kwa Schmidt, mhunzi. Majina ya ukoo yalipoanza kukita mizizi kati ya karne ya 12 na ya 15, kwanza katika miji ya magharibi na kusini na baadaye mashambani, jina hilo lilizaliwa upya katika maelfu ya vijiji, kila mahali kivyake, bila Meyer wa hapa kumjua Meyer wa pale.

Kinachonivutia zaidi katika jina hili ni maandishi yake. Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr na Mair hutamkwa karibu sawa kabisa, na ndiyo maana Mjerumani mwenye jina hilo akijitambulisha kwa simu hawezi kuishia kwenye jina. Lazima aongeze kama ni kwa e na i, kwa a na i, au kwa ile y, na kama kuna e ya mwisho au haipo. Usumbufu huo, hata hivyo, una faida yake kwa mtafiti. Watafiti wa vyuo vikuu vya Freiburg na Mainz walitumia orodha ya simu za mezani ya mwaka 2005 kuchora ramani za majina ya ukoo ya Ujerumani, na tahajia za Meyer zilijipanga kimaeneo kwa namna iliyo wazi: Meyer kaskazini, hasa Niedersachsen, Maier na Mayer kusini, upande wa Württemberg na Bavaria, Mayr katika kona ya kusini kabisa ya Bavaria kuelekea milima ya Alps, na kutoka hapo huvuka mpaka kuingia Austria. Mair ni jina la kawaida sana kule Tirol ya Kusini, ambayo leo iko ndani ya Italia.

Ukichukua watu mashuhuri wachache, ramani hiyo inasimama vizuri kuliko nilivyotarajia. Lothar Meyer, mkemia aliyepanga elementi kwa mfumo wa vipindi wakati mmoja na Mrusi Mendeleev, alizaliwa Varel, karibu na Bahari ya Kaskazini. Sepp Maier, kipa wa Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974, alizaliwa Metten, Bavaria ya mashariki. Ernst Mayr, mwanabiolojia wa mageuzi ya viumbe, alizaliwa Kempten, chini ya Alps. Julius Robert Mayer, daktari aliyeeleza mwaka 1842 kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo, alikuwa mtu wa Heilbronn. Uswisi ndiyo inayovuruga mpangilio, kwani huko Meier na Meyer wanaishi bega kwa bega, na mwandishi wao mashuhuri wa karne ya 19, Conrad Ferdinand Meyer wa Zürich, ana y ya kaskazini ingawa hakutoka kaskazini.

Hata hivyo, tahajia hiyo haipaswi kuheshimiwa kupita kiasi. Usajili wa kiraia ulienea katika dola zima la Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi, mwenye kalamu alikuwa padri au mchungaji, naye aliandika alivyosikia au alivyozoea. Mtu mmoja angeweza kubatizwa Meier, kuoa akiwa Meyer na kuzikwa akiwa Maier, yote katika vitabu vya parokia moja, kwa sababu tu wachungaji walipokezana. Kwa hiyo y haitofautishi ukoo na ukoo. Inachotofautisha, kwa kiasi kikubwa, ni mazoea ya waandishi wa eneo moja na ya waandishi wa eneo jingine, na kwangu mimi hiyo ni habari yenye thamani zaidi kuliko ile hadithi ya nyapara, kwa sababu angalau inatuelekeza mahali pa kuanzia kutafuta.

Palipokuwa na akina Meier wengi mno, watu walirefusha jina. Shamba kuu lilipogawanywa, aliyekaa upande wa juu aliweza kuitwa Obermeier na wa chini Niedermeier. Aliyehamia shamba jipya akawa Niemeyer, jina ambalo msanifu majengo Oscar Niemeyer alilibeba hadi kwenye majengo ya Brasília. Rais wa Ujerumani tangu mwaka 2017, Frank-Walter Steinmeier, alizaliwa Detmold katika eneo la Lippe, mojawapo ya maeneo ambako majina ya aina hii yamejaa.

Tena katika eneo hilo la Lippe na katika Westfalen, jirani yake, kulikuwa na desturi ambayo peke yake ingetosha kumnyamazisha anayedai kuusoma ukoo katika jina: jina lilifuata shamba, si damu. Mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba alihamia kwa mkewe na kuchukua jina la shamba, na watoto wao wakalifuata. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wangeweza kuzeeka na majina mawili tofauti, mmoja kwa sababu alibaki nyumbani na mwingine kwa sababu alioa vizuri. Desturi hii iliendelea hadi karne ya 19. Mtu anayejiita leo kizazi cha kumi cha akina Meyer wa shamba fulani huenda ni kizazi cha kumi cha watu walioingia shambani hapo kwa ndoa.

Ndiyo sababu ninachukizwa na biashara ya kuwauzia watu "nembo ya ukoo wa Meyer" iliyochapwa kwenye kikombe au kwenye karatasi iliyopakwa rangi ya uzee. Nembo hupewa mtu au familia mahususi na kurithiwa na kizazi cha familia hiyo. Hakuna nembo ya watu wote wanaoshiriki jina. Wajukuu wa wahamiaji walioko Marekani ndio wateja wakubwa wa vitu hivyo, na siwacheki, kwa kuwa mtu aliyekatiwa historia hushika anachopewa. Wa kulaumiwa ni muuzaji, ambaye anajua anachouza.

Kosa jingine ni zito zaidi. Wako wanaolisikia jina Meyer, hasa nje ya Ujerumani, na papo hapo kuamua kwamba mwenye nalo ni Myahudi. Ni kweli kwamba Wayahudi wengi wana jina hili, lakini wao walilipata kwa njia nyingine kabisa, kutoka jina la Kiebrania Meir, yaani anayeangaza, ambalo lilikuwa jina la kupewa mtoto muda mrefu kabla ya kuwa la ukoo. Mayer Amschel Rothschild wa Frankfurt, mwanzilishi wa nyumba ile ya mabenki, alikuwa na Mayer kama jina lake la kwanza. Serikali zilipowalazimisha Wayahudi kuchukua majina ya ukoo ya kudumu, Austria mwaka 1787 na Prussia mwaka 1812, wengine waligeuza jina la baba kuwa la ukoo, na Meir ikaandikwa kama Meyer yeyote wa jirani. Golda, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israeli, aliitwa Meyerson kwa ndoa na akalirudisha jina kwenye umbo la Kiebrania, Meir, mwaka 1956. Wanazi wenyewe, pamoja na kiherehere chao chote cha kupima damu, hawakuweza kuwatenga watu kwa majina ya ukoo, na nadhani ndiyo sababu amri ya Agosti 1938 iligusa majina ya kwanza: Wayahudi ambao jina lao halikuwa kwenye orodha ya serikali walilazimishwa kuongeza Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake.

Katika Vita vya Pili vya Dunia jina Meier lilipata umaarufu wa namna yake. Husimuliwa kwamba Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, alijigamba kuwa ndege ya adui ikifika Ujerumani basi yeye aitwe Meier, msemo wa kawaida wa kuapa kwa jina la mtu asiye na lolote la pekee. Ndege zilifika, kwa mamia, na raia waliokuwa wakikimbilia mahandaki wakavipa ving'ora jina la tarumbeta za Meier.

Tangu tarehe 1 Mei 2025 sheria ya Ujerumani inawaruhusu wanandoa wote wawili kubeba majina yao mawili kwa pamoja, na watoto wao pia, jambo ambalo awali halikuruhusiwa kwa watoto. Akina Meyer wana sababu nzuri ya kuitumia ruhusa hiyo, kwa kuwa jina la pili litawatofautisha na akina Meyer wengine katika mtaa na katika orodha ya kliniki, kazi iliyofanywa zamani na Ober, Nieder na Stein bila kusubiri bunge.