Nilivyokata Bili ya Umeme kwa Biro

Mama yangu anakijua kile kisanduku cha tokeni kuliko anavyonijua mimi. Kila alfajiri akishaswali, kabla hata ya kuteleka chai, huenda ukutani akabonyeza, akasoma uniti zilizobaki, kisha akatoa hukumu msala ukiwa bado mkononi.

"Jana tumelala na kumi na nne nukta sita. Leo kumi na tatu nukta moja. Nani kalala na feni mbili?"

Nyumbani tuko watu wawili, mimi na yeye. Feni ni mbili. Huwa sijibu.

Basi mwaka jana zamu yangu ya chama ikafika, nikashika shilingi 90,000 kwa mkupuo, na usingizi ukaniruka. Nina miaka 34. Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kutwa kucha najaza fomu za makontena ya watu, na hakuna hata kontena moja lililowahi kuja kwa jina langu. Nilitaka kitu kimoja tu, changu mwenyewe: mashine ya kuchezea gemu. Shida ikawa ni mashine gani.

Wa kwanza kumwendea alikuwa binamu yangu, mwenye kibanda cha gemu Majengo. Ana TV nne, PS4 (mashine za PlayStation) tatu zinazofanya kazi na moja aliyoiweka juu ya kabati kama marehemu anayesubiri ndugu. Watoto humlipa mechi kwa mechi. Ile gemu ya mpira ilibadilishwa jina tangu 2023, siku hizi ni EA Sports FC, lakini Majengo barua hiyo haijafika. Pale ni FIFA na itabaki FIFA. Kwa habari ya PlayStation, binamu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

"Yakhe, hupiti hapa wala pale. PS5. Waitoa kwa boksi, waichomeka, wacheza. Hakuna draiva, hakuna fundi, hakuna maneno. Diski ukishaichoka, waiuza."

Nikamwambia lakini PS5 imetoka tangu Novemba 2020, si itakuwa ishazeeka? Akaniangalia kama nimemtukania mzazi. "Na hii PS4 ya 2013 je, mbona yanilisha?"

Alinishinda. Nikarudi nyumbani nimeamua. Njia nzima, kutoka Majengo hadi Kibokoni, nilikuwa mtu wa PS5. Nilipofungua mlango nikakumbuka kwamba PS5 yataka TV, na TV yetu ni moja, na kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu na nusu TV hiyo ni ya Mama na Waturuki wake. Tamthilia zile zimetiwa sauti za Kiswahili na Mama huzijibu. Nimeshamsikia akimshauri mwanamke wa Istanbul asiolewe.

"Mama," nikaanza kwa adabu, "hii TV, jioni..."

"Jioni ina nini?"

"Ina vumbi, naona."

Nikachukua kitambaa nikaipangusa. PS5 ikaishia hapo, kwani PS5 pamoja na TV ya pili ni pesa ambazo chama changu hakikuzijua.

Wa pili ni kijana tunayefanya naye kazi, anayetembea na laptopu ya gemu mgongoni mchana na usiku kama kobe na gamba lake. Yeye hoja yake ni moja: stima ikikatika, laptopu haina habari. Hoja hiyo Mombasa ina uzito. Akaniazima Jumamosi moja, nikakaa nayo kitandani, nikaiweka mapajani kama jina lake linavyotaka. Ilikuwa Februari. Dakika ya kumi feni zake zikaanza kuvuma kama ndege inayotaka kuruka pale uwanja wa Moi. Dakika ya ishirini nikaanza kunusa kikoi changu. Nikachomoa chaja nione habari ya stima kukatika: laptopu haikuzima, ni kweli, ila wachezaji wote uwanjani walianza kukimbia kama wametoka kula pilau ya harusi. Kijana akanieleza Jumatatu kwamba kwa betri peke yake kadi ya picha haipati wati zake kamili. Na kwamba hizo kadi zenyewe za laptopu zaitwa jina moja lakini si moja. RTX 4060 ya laptopu mtengenezaji anaweza kuipa wati 35 akitaka, au 115. Ni kama neno biriani. Ya harusini ni biriani na ya kibandani ni biriani.

Nikaishia kwa fundi wa kompyuta, ghorofa ya kwanza karibu na Mwembe Tayari. Huyu hakunishawishi kwa maneno mengi. Alifungua kasha la kompyuta ya mezani, akanionyesha ndani, akasema: "Hii ni kama kujenga nyumba Kisauni. Waanza na chumba kimoja, waingia walala. Pesa ikija, waongeza. Leo ramu, yaani kumbukumbu ya mashine, 16, mwakani 32. Kadi ikikuchosha, waitoa, waweka nyengine. Laptopu ni nyumba ya kupanga, huwezi kugonga hata msumari."

Mimi ni mtu wa mahesabu, ndiyo kazi yangu. Nikageuza fomu moja iliyoharibika ofisini, nikapiga hesabu kwa nyuma. Kucheza saa tatu kwa siku, siku 30. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini, tuseme wati 300: uniti 27 kwa mwezi. PS5, wati 200: uniti 18. Laptopu, wati 150: uniti 13 na nusu. Nikaiacha fomu mezani nikaenda kuoga. Nilipotoka, Mama alikuwa ameishika mbali na uso, kama anavyosoma kila kitu akiwa hana miwani.

"Ishirini na saba? Hiki ni kitu cha kuchezea au kinu cha kusaga mahindi?"

"Mama, ni makadirio tu."

"Nunua, pesa zako. Lakini uniti zikienda nisivyozoea, nakichomoa mimi kwa mkono wangu, nakitia kwa mkokoteni wa taka."

Nikanunua. Prosesa Ryzen 5, ramu 16, kadi ya GTX 1660 Super iliyokwisha kutumika, skrini ya mtumba. Ilipofika pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, fundi akaniuliza nataka ya maana au ile inayokuja bure ndani ya kasha. Hilo neno "bure" ningeomba lipigwe marufuku kisheria. Hamali akapakia kila kitu kwenye mkokoteni, akanipitisha Barabara ya Digo huku akipiga kelele "Nyuma! Nyuma!" nami nikimfuata kama bwana harusi. Ngazi zetu ni za zamani, zimesimama wima kama ukuta; tulipanda tukipumzika kila pembe.

Jumamosi na Jumapili sikuonekana duniani. Mashine ilitembea vizuri, sina la kusema.

Jumatatu alfajiri, hukumu. "Uniti sita zimekwenda kwa siku mbili." Hakupandisha sauti. Mama akipandisha sauti kuna matumaini.

Jioni ile nikainama nyuma ya meza kupanga nyaya, na ndipo nilipoiona. Nyuma ya kasha, karibu na pale panapoingia waya wa umeme, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu, imezama ndani ya kidimbwi chake, haigusiki kwa kidole. Upande mmoja imeandikwa 115. Upande wa pili 230. Na ilikuwa imewekwa kwenye 230.

Nilikaa chini. Nawaambia kweli, nilihisi kama yule aliyechimba choo akakuta rupia. Kumbe ndiyo sababu! Fundi ameniwekea umeme mkubwa, kama vile feni iliyoachwa kwenye namba tano. Nikapiga hesabu papo hapo: 27 gawa kwa mbili, 13 na nusu. Yaani sawasawa na laptopu! Nguvu za kompyuta ya mezani, bili ya laptopu. Binamu na kijana wa ofisini wote nimewashinda kwa pigo moja, na fundi mwenyewe hajui, au anajua akaficha.

Na mimi si mzembe. Nilichomoa plagi kwanza, kwa usalama. Nikatoa biro yangu ya ofisini, ya buluu, nikaitia ncha ndani ya kile kidimbwi, nikasukuma. Ilikuwa ngumu kidogo. Ikasema "tik". 115. Nikarudisha plagi, nikawasha soketi.

Sikufika hata kubonyeza kitufe cha kompyuta.

Mlio ulikuwa wa tairi ya lori kupasuka mzunguko wa Makupa, ila Makupa yenyewe iwe chini ya meza yako. Mwanga wa buluu ukatoka nyuma ya kasha, ukaniacha nikiona vidoa, kisha nyumba nzima ikawa giza, juu na chini. Harufu iliyofuata sijui niifananishe na nini. Labda papa mkavu aliyechomwa pamoja na ndara. Nilikuwa nimekaa sakafuni, miguu mbele, biro mkononi.

Sauti ya kwanza gizani ilikuwa ya Mama, sebuleni. Haikuuliza kama mwanawe yu hai.

"Barua imesema nini?"

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yule mwanamke wa Istanbul, baada ya wiki tatu, ndiyo kwanza alikuwa anafungua barua.

Nyanya mwenye nyumba, anayekaa chini, anauza barafu za ukwaju na ana freza iliyojaa. Alipanda zile ngazi na tochi kwa kasi ambayo magoti yake huyakana siku zote. "Mtungi wa gesi! Mtungi wa gesi!" Nyuma yake watoto wa jirani, nyuma ya watoto kijana mmoja na ndoo ya maji, amekwisha kuinua.

"Usimwage!" Mama akapiga ukelele. "Zulia langu!"

Kijana akasimama na ndoo kichwani kama sanamu. Tochi zote zikageuka zikanimulika mimi. Nikasema, "Si kitu, ni kompyuta." Nyanya akanijibu, "Kompyuta, na ukwaju wangu je?"

Wakaenda wakairudisha swichi kuu. Taa zilipowaka, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye TV. Kwa siku tatu Mama hakusema nami. Akitaka jambo alimwambia paka. "Mwambie huyo chai iko mezani." Paka ananiangalia, nami namwangalia paka.

Binamu habari zilimfika kabla sijamaliza kufagia. Alinipigia simu ili tu nisikie anavyocheka, kisha akasema, "PS5 haina pa kuchokonoa," akakata.

Siku ya nne nikairudisha kwa fundi, mkokoteni ule ule, hamali yule yule, safari hii hakupiga kelele za "Nyuma!", nadhani aliniheshimu kama mfiwa. Fundi akaiweka mezani, tochi mdomoni, akainusa, akaguna. Akageuza kasha. Akanyamaza kwa muda ambao sikuupenda.

"Nani kaigusa hii?"

"Ipi?"

"Hii swichi."

Sijui kilichoniingia. "Labda paka," nikasema. "Tuna paka."

Fundi akatoa tochi mdomoni. "Njooni," akawaita wenzake wawili kutoka chumba cha pili. Wakaja, mmoja na kikombe cha kahawa. Akawamulikia. Katikati ya ile swichi nyekundu, wazi kabisa, kulikuwa na nukta moja ya wino wa buluu.

"Paka wake," fundi akawaambia, "huandika."

Walipomaliza kucheka, wakanivutia kiti. Fundi akafungua ile pawa saplai ya bure, akanionyesha kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilizopasuka vichwa kama bisi. "Sikiza, bosi. Hii namba haisemi mashine itakula umeme kiasi gani. Yasema umeme wa kwenu ni wa volti ngapi. Marekani wana 120, sisi tuna 240. Ukiiweka 115 waiambia, 'Hapa umeme ni dhaifu, uzidishe mara mbili.' Nayo ni mtiifu. Ikachukua 240 yetu ikaizidisha. Hizi kapasita uwezo wake ni volti 200 kila moja. Zimepata zaidi ya 300 kila moja."

"Kwa hivyo mimi nilipotaka nusu..."

"Ulizidisha."

Yule wa kahawa ilimbidi atoke nje.

Ubao na kadi vilipona. Vilikufa fyuzi, kapasita na heshima yangu. Akanitilia pawa saplai mpya, ya maana, isiyo na swichi yoyote nyuma. Hiyo hujipima yenyewe kuanzia volti 100 hadi 240. Kisha akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio ya gemu, akafunga fremu, yaani picha zinazochorwa, zisipite 60 kwa sekunde. "Skrini yako yenyewe haionyeshi zaidi ya hizo. Kadi ilikuwa yahangaika bure. Sasa itapumua, na mita ya mamako itapumua kidogo."

Nikalipa. Nikamwita hamali. Nilipokuwa mlangoni fundi akaniita, akanyosha mkono, kiganja juu.

"Nini tena? Si nimeshalipa?"

Akaelekeza kidevu kwenye mfuko wa shati langu.

Nikatoa ile biro, nikampa.