Tukae kwenye boti, kisiwa tuwaachie wenyewe

Nianze na kukiri mwenyewe, manake kuna majamaa wana picha. Miaka kadhaa nyuma, katikati ya kusi, nilishuka pale Kisiwa cha Nyangumi Watamu, kile kimwamba kiko mlangoni mwa hori ya Mida, nikapanda mpaka juu nikainua mikono nikapigwa picha, na nyuma yangu anga lote ni ndege weupe tupu. Picha ilitoka poa sana, nikapata laiki kibao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbona ndege wote wale wako juu, hakuna hata mmoja ametua.

Walikuwa juu kwa sababu mie niko chini, basi. Wale ni buabua, ingawa sie wengi twawaita shakwe tu, kila ndege mweupe wa baharini kwetu ni shakwe, na miezi ile ya kusi, kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, ndo huja kutaga pale. Na hawajengi kiota cha vijiti kama unavyofikiria. Ni kishimo tu juu ya jiwe au chini ya kijichaka, yai moja au mawili, na lenyewe lina madoadoa rangi ya mwamba, hata ukilikanyaga hujui mpaka usikie. Mie nilisikia. Sikumwambia mtu siku ile, nikajifanya ni kome.

Halafu kuna hili la jua ambalo nilikuja kulijua baadaye sana. Nilidhani mama akikaa juu ya yai anatia joto, kumbe mchana wa Watamu kazi kubwa ni kuliwekea kivuli! Jiwe lile linawaka. Sasa nyinyi mmeshuka watu kumi, mmepiga picha, mmeimba hepi bathdei, mmekaa nusu saa mkila mabuyu, na kwa nusu saa yote hiyo mama yuko hewani anapiga kelele na yai lake lapikwa. Hujaligusa, hujaliiba, na umeliua. Na hapo sijamtaja kurabu, yule kunguru aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 akajifanya mwenyeji pwani nzima, hata KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwaka 2024 walitangaza wanataka kuangamiza milioni moja. Huyo anakula mayai na makinda ya wenzake bila haya, na mama akiinuka tu kwa sababu yako mlango uko wazi.

Najua nitakachoambiwa, nishaambiwa barazani hapa Malindi mara mia. Mambo ya kuangalia ndege ni ya wazungu, wana darubini na kofia na muda. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziko tangu 1968 na bado kuna watu wanaziona kama uwanja wa mgeni. Sikatai, kuna machungu ya kweli pale, babu alikuwa anatega samaki mahali ambapo leo mjukuu akitupa mshipi anakamatwa. Lakini hao ndege wenyewe si wa mzungu jamani. Muulize mvuvi yeyote wa maji makuu.

Ami yangu hakuwahi kuwa na jipiesi. Alikuwa akitoka nje ya mwamba anatafuta shakwe, anawaona kwa mbali wamekusanyika wanajitupa majini kama mawe, anageuza tanga anaelekea huko. Manake jodari yuko chini anawasukuma dagaa juu, ndege nao wanawachukulia hapo hapo, na mvuvi anafika kama mgeni wa tatu karamuni. Huyo huyo ami ujanani alikuwa akipiga dago, yaani kambi ya wavuvi, visiwa vya Kiunga kule Lamu, kabla hawajaifanya hifadhi mwaka 1979, na anasema mayai ya shakwe yalikuwa kitoweo, mnaokota mnachemsha. Siku moja nikamwuliza, sasa ami, ndege anakuonyesha samaki nawe wamlia mtoto? Akacheka akasema njaa haina adabu mwanangu. Sina jibu la hilo. Ila mie siku ile sikuwa na njaa, nilikuwa na simu.

Na manahodha wa boti za kioo siwalaumu sana. Mgeni amelipa, mgeni anataka kushuka, na ukimkatalia atapanda boti ya mwenzako kesho. Tatizo liko kwetu sie tunaopanda, na sa hivi wengi ni sie sie wa Nairobi, Mombasa, Malindi, si wazungu peke yao.

Kusi iliyopita nilirudi, nikamwomba nahodha azime injini mbali kidogo na tukae. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, halafu akazima. Wallahi hiyo saa moja niliona mengi kuliko siku ile niliyopanda juu. Kuna wale weupe wenye mkia mrefu kama mkasi na mdomo mweusi unaoingia wekundu wakati wa kuzaa, dume anakuja na kasamaki mdomoni, anazunguka nako anamringishia jike kama mahari, jike anajifanya haoni. Na kuna wengine wa mgongo rangi ya moshi, wana mstari mweusi machoni kama kitambaa, hao wanajificha chini ya kingo za mwamba na yai lao moja. Tena chini ndege walikuwa wametulia, unaona vichwa tu vimepangana juu ya jiwe. Nahodha mwenyewe akaishia kuomba darubini, hakunirudishia mpaka tunafika ufukweni.

Hiyo picha yangu ya zamani bado iko, sijaifuta. Wiki jana dada mmoja kaniandikia, wapi hapa, nataka kwenda na mashoga zangu mwezi wa nane. Nikamwambia mwezi wa nane ukae kwenye boti, ukitaka kupanda ngoja Januari na uwaulize KWS kwanza. Akaniuliza, Januari hao ndege watakuwepo? Nikamwambia wa kutaga hamna. Akasema basi picha haitapendeza.