Picha ya dola 10 na Honda ya mzee wangu

Jumamosi nimeingia duka la vitu vya zamani hapa Milwaukee, Marekani, natafuta meza tu, nikakutana na picha ya wazungu wanne na pikipiki zao, na ni za zamani kwelikweli maana zina pedali kama baiskeli, gurudumu la nyuma linazungushwa na mkanda wa ngozi, breki ya mbele hakuna. Tope mpaka magotini. Mmoja kageuza kofia nyuma mbele, utadhani yuko kijiweni anasubiri abiria. Tangi limeandikwa Harley-Davidson, kampuni ya pikipiki iliyoanza 1903 hukuhuku mjini kwenye kibanda cha mbao uani kwa kina Davidson. Nikatoa dola 10.

Kilichoniuma kiko nyuma ya picha. Majina yote manne, kwa penseli.

Mzee wangu alikuwa bwana shamba Njombe, alikuwa na Honda 110 ya mkopo wa kazini, wakamkata mshahara miaka. Gia boksi ikafa, ikawekwa bandani kuku wakalalia, nimerudi likizo naambiwa watu wa chuma chakavu wameshaipima. Kwa kilo! Na picha yake je? Ilikuwepo moja, mchwa wamekula.

Najua mmeshaanza, "kala baga mbili anatufundisha maisha". Tulieni. Huku nyumba ina gereji na stoo chini ya sakafu, kikorokoro cha babu kinakaa miaka 80 hakimkeri mtu, sasa wewe na chumba kimoja Mbagala injini mbovu utaiweka wapi, uvunguni? Na kwenye ufundi hawatuambii kitu. Jirani yangu ana Harley ya miaka ya tisini, ikigoma anaita lori, wakati fundi wa Njombe angeshafungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo, akadai hela ya soda.

Lakini penseli jamani, penseli nayo inataka gereji? Usiniambie umaskini, harusi tu tuna albamu tatu. Bodaboda wa leo anapigwa picha siku akiwa amelala barabarani, kabla ya hapo nani ana habari naye.

Jana nimempigia mama nimuulize namba ya ile Honda. Kaitaja yote bila kusita, halafu akashusha sauti: "Ya nini baba, wamesema bado kuna deni?"