Walilijua jino kabla ya ndovu

Ujanani nilifanya kibarua Malindi, kuwasindikiza Waitaliano hadi Tsavo Mashariki. Tukishapita lango la Sala haikuchukua muda mtu kupiga kelele, "Elefante!", na gari zima likaegemea upande mmoja. Ndovu wa kule ni wekundu kama matofali kwa lile vumbi. Baadaye nikapata Wahispania na Wareno: elefante vilevile. Mfaransa naye akaumezea mwisho wake puani. Nikawaonea wivu hawa ndugu wa Kilatini, neno moja latosha ukoo mzima.

Siku hizi siwaonei tena. Kilatini kilikopa kwa Kigiriki, eléphas, na katika tenzi za Homer, malenga wa kale wa Kigiriki, neno hilo ni pembe tu: nakshi ya hatamu, pambo la kitanda. Mnyama hayumo. Ni kwa mwanahistoria Herodotus, karne ya 5 KK, ndipo tunapomkuta ndovu mwenyewe akiitwa hivyo. Yaani bidhaa ilifika sokoni kwanza, mwenyewe akaja kupachikwa jina la mali aliyonyang'anywa. Ni sawa na kumwita kuku Mayai.

Warumi walikuwa na lao. Mwaka 280 KK Pyrrhus, mfalme wa Kigiriki, aliwapelekea ndovu vitani huko Lucania, kusini mwa Italia, nao wakawaita Luca bos, ng'ombe wa Lucania. Watu hulicheka jina hili. Mimi nalipenda kuliko elefante. Askari kaona dude linamjia, akalipa jina la kubwa alilolijua kwao. Bahati mbaya likafa, la Wagiriki likashinda.

Na lilipozidi kwenda kaskazini likapotea njia kabisa. Wagoth, kabila la kale la Kijerumani, walisema ulbandus, neno ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na hilohilo la Kigiriki, lakini kwao lilimaanisha ngamia!

Mhindi yeye alimtazama vizuri: hathi, kutoka Kisanskriti, "mwenye mkono". Mwarabu alichukua pil ya Waajemi akaifanya fil, na Mhispania akabaki nayo kwenye sataranji, ambako kete moja ingali inaitwa alfil.

Sisi Kiarabu kilitupa kitabu, sahani, hata hiyo sataranji. Fil hatukuihitaji. Hata Sura ya Al-Fil tukiieleza tunasema ndovu. Ndovu ni wetu, pamoja na indlovu ya Wazulu, enjovu ya Waganda, inzovu ya Rwanda. Watanzania wanasema tembo, sawa, lakini huku pwani yetu ukitaja tembo jioni watu watauliza mrija uko wapi.

Nisijigambe sana. Bibi mmoja Mwitaliano, mwalimu mstaafu, aliniuliza pembe maana yake nini. Nikamwambia, kama za ng'ombe. Akashangaa: "Lakini yale ni meno!" Kwao ni zanne, meno marefu. Nikakumbuka babu alivyokuwa akitaja buri, pembe kubwa, na kalasha, ndogo: maneno ya ghalani na mizani, si ya porini. Kumbe hata sisi soko lilitupitia.

Mbele yetu dume alikuwa amelaza mkonga juu ya jino lake moja lililobaki. Sikuwa na jibu. Dereva akawasha gari.