Tuichukue nasibu kutoka kwenye mwanga

Masika yakikaribia, watu wa Ahero na Budalang'i, magharibi mwa Kenya, wanataka kujua kama mto utavunja kingo. Mtaalamu mwaminifu hawezi kuwajibu ndiyo au la. Anachoweza kuwapa ni uwezekano, na ili aupate, kompyuta hurudia hesabu ileile maelfu ya mara huku ikibadilisha mvua na unyevu wa udongo kwa kubahatisha, kisha huhesabu ni mara ngapi maji yalifurika. Mbinu hiyo, Monte Carlo, ilizaliwa Los Alamos, maabara ya Marekani, miaka ya 1940 kwa akili za wanahisabati Stanislaw Ulam na John von Neumann.

Shida ni kwamba kompyuta haijui kubahatisha. Inafuata kanuni, na ukiianzishia namba ileile itakupa mfululizo uleule. Von Neumann mwenyewe aliandika mwaka 1951 kwamba anayezalisha tarakimu za nasibu, yaani za kubahatisha, kwa hesabu tupu yumo dhambini. RANDU, kanuni ya kampuni ya IBM ya kuzalisha namba za nasibu iliyotumika sana miaka ya 1960, ilithibitisha hofu hiyo: ukizipanga namba zake tatu tatu kama nukta katika nafasi ya pande tatu, zote zinaangukia kwenye bapa 15 tu badala ya kutawanyika kote. Fikiria utafiti wote uliojengwa juu yake! Kanuni za leo ni bora mno, na kwa kazi nyingi zinatosha, lakini kila namba bado inalipiwa kwa hatua za hesabu na umeme.

Mwanga hauna haja ya kanuni. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikifika kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga, itapita au itarudi, na hakuna kitu kilichofichwa ndani yake ambacho ungekisoma mapema. Uingereza inautumia mwanga tangu 2019 katika ERNIE 5, mashine ya kuchagua kwa bahati washindi wa zawadi za dhamana za akiba. Kazi iliyoichukua ERNIE 4, mashine iliyoitangulia, saa tisa sasa huisha kwa dakika 12.

Kinachonisisimua zaidi ni kazi ya watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, iliyotoka 2023. Kifaa chao kinapowashwa, mwanga huangukia moja ya hali mbili, ukisukumwa na mitikisiko midogo iliyomo hata katika ombwe tupu. Wao waliongeza mwanga wa leza hafifu kabisa, wakaweza kuuegemeza uwezekano upande wautakao. Hebu ona maana yake: unaagiza biti, yaani tarakimu ya 0 au 1, inayotoka 1 mara saba kati ya kumi, na maumbile yenyewe yanakupa. Hiyo ndiyo kompyuta ya uwezekano ninayoitamani.

Bado ni kifaa cha maabara. Tena, vipimo vya mvua vya Milima ya Nandi vikiwa na mapengo, nasibu safi namna gani haitayaziba. Hilo lisiwe sababu ya kungoja. Vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro viweke fizikia ya mwanga na hesabu za uwezekano katika somo moja. Taa ya LED, kipokea mwanga na saketi ya kukuza mawimbi vinatosha kuanzia. Mwanafunzi atajifunza kutenganisha kelele za mwanga, yaani mitikisiko yake ya kubahatisha, na kelele za saketi, kisha ataondoa upendeleo wa tarakimu moja kutoka mara nyingi kuliko nyingine kwa njia ya von Neumann: asome biti mbili mbili, 01 aiandike 0, 10 aiandike 1, na zinazofanana azitupe.