Omena ya Bure, Njoo na Beseni

Kwanza kabisa, sikuruka ziwani. Najua mmeshasikia kwa yule jamaa ninayefanya naye kazi, tena anavyosimulia huwa anakunja suruali kabisa. Nilirudi nyuma hatua tatu, na ya tatu ikakuta maji. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Ule mradi wetu wa Dunga, pale ufukweni mwa Ziwa Victoria, Kisumu, mnaujua: kina mama wauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, wanapata ujumbe kwenye kabambe zao, zile simu ndogo za vitufe, mashua zimeleta nini na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, inaenda kwa pesa ngapi. Tumejigamba kila mahali kwamba tumeubuni pamoja nao. Na kweli tulikaa nao siku mbili chini ya mti. Siku ya pili wakaomba kalamu, wakachora kwenye karatasi ya manila mwezi mzima, usiku kwa usiku. Usiku wa giza, taa za mashua zinavuta omena hadi wavu unalemea. Mwezi ukishajaa, taa haifui dafu, wavuvi wanalala kwao. Nikawashukuru sana, nikaikunja, nikaiita data, nikaitia kwenye mkoba. Miezi miwili imekaa humo. Msiniulize.

Juzi Jumatano asubuhi tukawa tunajaribu mfumo. Simu mbili tu, yangu na yake. Jamaa akaniambia andika chochote. Nikaandika: "Omena BURE leo Dunga saa 9 mchana. Njoo na beseni." Tukacheka. Sasa, kwenye orodha kuna "Majaribio", na chini yake kuna "Wote". Kidole changu ni kinene. Simu yangu kimya, yake kimya. Nikalaumu mtandao, tukaenda kula.

Mchana tulikuwa Dunga kuonana na kamati. Nikaona beseni. Moja tu, la bluu, linateremka njiani juu ya kichwa cha mama mwenye leso ya manjano. Nikasema moyoni, leo biashara ipo. Nyuma yake la kijani. Halafu boda ikafika na kina mama wawili na mabeseni matatu, la tatu limefunikwa juu ya helmeti ya dereva. Nikageuka kutazama ziwa. Mashua zote zimelala mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wengine wanacheza bao. Omena hata ya kumdanganyia paka hakuna.

Tumbo langu likaelewa kabla ya kichwa.

Mama wa beseni la bluu akainua kabambe yake juu kabisa, akausoma ujumbe polepole kama anasoma somo kanisani. Akanitazama. "Wuoda, mwanangu, tumekuja na beseni."

Nikafungua mdomo nieleze mambo ya seva. Nyinyi mnaojifanya wajuzi, hebu waelezeni seva kina mama 23 waliopanga foleni.

Mwenyekiti wao hakupaza hata sauti. Bora angefoka.

"Jana usiku mwezi uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Ulikuwaje?"

"Mviringo."

"Yawa. Na ile karatasi tuliyokuchorea iko wapi?"

Ningesema imebaki ofisini. Lakini mkono wangu, mjinga kama mwenyewe, ukaenda wenyewe kwenye mkoba. Nikaanza kuikunjua. Ilikuwa imegandana, inatoa ule mlio wa kubanduka, krrr, na mimi navuta taratibu nikidhani taratibu itasaidia. Usiku wa kwanza ukatokea, safi. Wa tano. Wa kumi. Ndipo nikakumbuka asubuhi moja nilinunua mandazi pale stendi, na mfuko wake ulikuwa umetoboka. Ikafunguka yote. Doa la mafuta, duara kamili, limekaa juu ya mwezi mpevu kama limepimwa kwa bikari.

Kimya. Kisha mama mmoja nyuma: "Kumbe mwezi aliula."

Hapo ndipo zikaja zile hatua tatu.

Mengine ni mafupi. Nikarudisha nauli, shilingi 100 kwa kila mtu, 2,300, na soda juu. Viatu bado havijakauka. Sasa ujumbe hautoki mpaka mwenyekiti ausome kwanza na kuukubali, na kitufe cha "Wote" anakibonyeza yeye, jambo ambalo walilitaka tangu ile siku ya kwanza chini ya mti. Karatasi imebandikwa ukutani, na doa lake.

Jana usiku amebonyeza kwa mara ya kwanza, na safari hii nasi tumo kwenye "Wote". Simu yangu ikalia, ya jamaa ikalia: "Yule wa omena ya bure anakuja Jumanne. Msibebe beseni. Yeye abebe mandazi."