Hema halina ukuta jamani

Hivi kuna mtu anaamini kabisa kwamba akishafunga zipu ya hema lake kambini, sisi wa mahema ya jirani hatumsikii? Kile ni kitambaa tu, kinazuia mvua na mbu, basi. Mnavyogombana tunasikia, mnavyokoroma tunasikia, na usiku ndo balaa zaidi kwa sababu hewa ya karibu na ardhi inapoa kuliko ya juu, sasa sauti badala ya kupotelea huko juu inapinda inarudi chini, ndo maana stori za watu waliolala mbali kabisa na wewe unazipata zote na majina ya wahusika.

Wengi wakilalamika wanataja muziki. Sawa, ila mi naona mwenye spika ana nafuu, unamfuata unamwambia punguza, yameisha. Wanaoniudhi ni wale ambao hata hawajui kama wanasumbua. Mtu kasahau mswaki kwenye gari, anabonyeza rimoti linalia pii, anafungua mlango, anaubamiza, pii tena, halafu anarudi na tochi ya kichwani anamulika kila hema anayopita na njiani anajikwaa kwenye kamba zako kwa sababu kaamua kukatiza kwako badala ya kuzunguka njiani. Tochi nyingi za siku hizi zina taa nyekundu isiyoumiza macho ya wenzenu gizani jamani, itumieni, au basi mulikeni chini.

Alafu kuna hii ya muda wa utulivu, kambi nyingi ni kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi hivi. Kuna watu wanaichukulia kama ruhusa, yaani kama saa 4 haijagonga basi jenereta lingurume na watoto wa jirani wasilale. Hiyo ni sheria ya kiwango cha chini tu, haijasema muda mwingine ni wa fujo.

Moshi nao, kabla hujawasha moto angalia upepo unaelekea kwa nani.

Na wewe unayesumbuliwa usikae ndani unasonya mpaka saa 8 usiku ndo utoke unafoka. Nenda mapema, msalimie, mwambie kistaarabu, mara nyingi utasikia "ah samahani, sikujua". Akigoma mtafute msimamizi wa kambi, usianze kurushiana maneno gizani na mtu aliyelewa.